Umeambiwa Upime, Nani Kakwambia Ufikirie?

Makamanda, leo siongelei kura wala tume. Naongelea mapigo ya moyo.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma diploma ya uuguzi. Wao wako Ruangwa, sisi Nachingwea. Mwaka jana akiwa fildi (hospitali siitaji) alipangiwa kumpima mama aliyetoka kujifungua. Mapigo 88. Nusu saa baadaye 104. Kisha 122. Presha bado nzuri, pedi haijalowa sana, ila mama ameanza kuhema na kuomba maji. Dogo akamfuata inchaji: "Sista, mbona mapigo yanapanda?" Akajibiwa mbele ya wodi nzima: "Umeambiwa upime, nani kakwambia ufikirie?"

Akaandika namba kwenye faili, akanyamaza. Kumbe damu ilikuwa inajikusanya ndani ya mfuko wa uzazi. Mama aliokolewa na nesi wa zamu ya usiku, aliyesoma namba zilezile na kuuliza swali lilelile. Yeye alikuwa na cheo cha kuuliza.

Serikali itatwambia vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 hadi 104 ule wa 2022. Sawa, hilo ni jema, sina shida kulikiri. Lakini hao waliobaki hawataokolewa na majengo na vitanda vipya peke yake. Mama akivuja damu, mara nyingi mapigo hupanda kabla presha haijashuka. Mashine inatoa namba. Maana yake anaitoa mtu aliyesimama pale. Na ukichelewa, kutoka huku kwetu rufaa ni safari ya Lindi au Mtwara.

Darasani wanafundishwa mchakato wa uuguzi: kusanya taarifa, tambua tatizo, panga, tekeleza, tathmini. Wakifika wodini, hiyo hatua ya pili inageuka mali ya wakubwa. Sasa mimi nasoma sheria, na hapa ndipo ninapokereka. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 imelipa Baraza mamlaka ya kumwadhibu muuguzi, hata kumfuta kwenye rejista. Anawajibika yeye, kwa jina lake. Unamleaje mtu miaka mitatu kwa "ndiyo sista", halafu siku ya mashtaka unamuuliza kwa nini hakutumia akili?

Sisi wa sheria tunapewa maksi kwa kubishana. Tunapanga hadi mahakama za maigizo! Mwanafunzi wa uuguzi akibisha anaitwa mjuaji.

Yule sista simlaumu sana. Alikuwa peke yake na wodi imejaa, wakati mtaani kuna wauguzi wenye vyeti wanauza vocha. Aliyechoka hivyo hana nafasi ya kufundisha. Kwa hiyo tudai ajira, na tudai pia walimu wa vyuo wawepo wodini. Kila makabidhiano ya zamu, mwanafunzi aeleze mgonjwa mmoja: ameona nini, anadhani nini, ana wasiwasi gani. Apewe maksi kwa hilo. Na iandikwe kwenye kanuni kwamba anayetoa shaka kwa nia njema haadhibiwi.

Nachingwea tuna ushahidi wa mipango isiyoulizwa maswali. Waingereza walilima karanga hapa bila kuujaribu vya kutosha udongo wala mvua, wakafunga mradi 1951.

Dogo anarudi fildi mwezi ujao. Ameniuliza, akiona tena mapigo yanapanda, aongee? Nimemwambia aongee, na aandike kwenye faili saa aliyoongea na aliyemwambia.