Vijiji vya Drenthe na swali letu: nani anapanga shamba?



Katika mikutano yetu mara mingi nasikia neno hili: "Wale Wazungu walifika mbali juu udongo wao ni muzuri, na serikali yao iliwapa kila kitu. Sisi tungojee paka mufadhili mukubwa." Wanaosema hivyo wanapenda kutaja Uholanzi, juu wanaijua kwa mbegu ya viazi na kwa ng'ombe wa maziwa, wale weusi na weupe. Mimi ni agronome, na kazi yangu inaanza na udongo. Basi leo tuangalie udongo wa Waholanzi wenyewe, katika komine moja ya vijijini, na historia ya watu walioulima. Tutaona kwamba neno hilo lina makosa pande zote mbili: udongo wao haukuwa muzuri, na mfadhili mkubwa alipokuja kwao, hakuleta yale aliyoahidi.

Komine hiyo inaitwa Westerveld. Iko kaskazini-mashariki ya Uholanzi, katika jimbo la Drenthe. Ilizaliwa tarehe 1 Januari 1998, wakati komine nne za zamani, yaani Diever, Dwingeloo, Havelte na Vledder, ziliunganishwa kuwa moja. Ina watu karibu 20,000, wanaokaa katika vijiji zaidi ya 20. Hapa si ile Uholanzi tunayosikia habari yake, iliyo chini ya bahari na yenye udongo mzito. Hapa ni mchanga.

Udongo uliotengenezwa na mikono

Mchanga ni udongo maskini. Maji yanapita haraka, na chakula cha mimea kinashuka pamoja nayo. Hata hivyo watu walilima pale tangu zamani sana. Havelte kuna makaburi mawili ya mawe makubwa, na karibu na Diever kuna lingine. Yana karibu miaka 5,000, na waliyoyajenga walikuwa tayari wakulima na wafugaji. Waliwezaje kuishi juu ya mchanga?

Angalieni kijiji cha zamani cha Drenthe kilivyopangwa. Pale penye nyumba kulikuwa uwanja wenye miti, unaoitwa brink, ambapo mifugo ilikusanywa. Kule Dwingeloo brink ingali pale mpaka leo. Pembeni ya nyumba kulikuwa shamba kubwa la kijiji. Kila jamaa ilikuwa na vipande vyake ndani, bila ukuta katikati. Walipanda zaidi nafaka moja inayofanana na ngano, ile Wafaransa wanaita seigle, juu inavumilia mchanga. Na mbali zaidi kulikuwa pori la vichaka vifupi, ambalo halikuwa la mtu mmoja bali la wote.

Mchana kondoo walichungwa katika pori hilo. Jioni walirudi zizini. Wakulima nao walikata ngozi ya pori, yaani majani pamoja na mizizi na udongo kidogo, wakaitandika chini ya kondoo. Kondoo walikanyaga, wakakojoa, wakaacha mavi, na tabaka likapanda. Kiisha mbolea yote ilibebwa na kumwagwa shambani. Walifanya hivyo mwaka kwa mwaka, karne kwa karne. Mahali pengine tabaka hilo jeusi limefika karibu metre moja ya kwenda chini. Ukichimba shimo pale, unaona wazi wapi kazi ya mtu inaishia na wapi mchanga wa Mungu unaanza. Kwa hiyo anayesema kwamba Mholanzi alipewa udongo muzuri, amwambie pia ni nani aliyeutengeneza.

Umoja wa wenye pori

Kazi ya namna hiyo haiwezekani kama kila mtu anafanya yake. Hekta moja ya shamba ilihitaji hekta mingi za pori ili ipate mbolea. Kama mmoja analeta kondoo bila hesabu, wengine wanakosa. Njo maana wenye mashamba walikuwa na umoja wao, ulioitwa marke. Kila mwenye haki alikuwa na sehemu yake iliyojulikana, na sehemu hiyo njo ilisema anaweza kuchukua kiasi gani katika mali ya wote: malisho, ngozi ya pori, kuni. Mkutano ulipanga pia kazi za pamoja, kama vile njia na mifereji. Watu waliitwa kwa kupiga pembe. Aliyevunja sheria alilipa faini, na waliomkatia faini walikuwa majirani zake, si mgeni kutoka mjini.

Sitaki kusifu kupita kweli. Marke haikuwa mbinguni. Maskini waliojenga vibanda pembeni ya pori hawakuwa na sehemu wala sauti. Waliishi kwa kazi ya mkono katika mashamba ya wenzao. Na sehemu zingine pori lilichunwa kupita nguvu zake mpaka mchanga ukaanza kuruka na upepo na kufunika mashamba. Upande wa Diever watu walipaswa baadaye kupanda misonobari ili kuushika mchanga huo. Aliyeona vilima vya Walungu ao Kabare nyuma ya mvua kali hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini jambo moja linabaki: sheria ya kijiji ilitoka katika kijiji, na iliposhindwa, walioshindwa walijua kwa nini.

Mfadhili anafika

Sasa tuje mwaka wa 1818. Vita vya Napoléon vilikuwa vimeisha, na miji ya Uholanzi ilijaa maskini. Afisa mmoja wa jeshi, Johannes van den Bosch, aliyekuwa amefanya kazi na kulima katika kisiwa cha Java, akaanzisha shirika la kuwasaidia. Lilikuwa kama ONG ya siku zile. Watu zaidi ya 20,000 walijiandikisha, kila mmoja akitoa feza kidogo kila juma. Shirika likanunua ardhi ya pori kule Vledder na kujenga kijiji kipya, Frederiksoord, kilichopewa jina la Frederik, mtoto wa mfalme. Walianza na nyumba 52. Kiisha kikafuata Wilhelminaoord, na makoloni mengine inje ya komine hii.

Mradi ulikuwa mzuri kwenye kartasi. Kila jamaa ya maskini ilipewa nyumba na shamba la hekta 2 na nusu hivi, pamoja na nguo na vyombo. Watoto walilazimishwa kwenda masomo, miaka mingi mbele sheria ya nchi haijaamuru hivyo. Hayo ni mema, na lazima tuyaseme.

Lakini nani alipanga shamba? Shirika. Shirika lilisema mlime nini, lini na kwa namna gani. Wasimamizi walipita kila siku. Kulikuwa feza ya koloni yenyewe, iliyofanya kazi paka katika duka la koloni. Vitu walivyopewa viliandikwa kuwa deni. Aliyefanya vizuri alipewa medali ya shaba, ya feza ao ya zahabu. Aliyekosa nidhamu alipelekwa Ommerschans, koloni ya adhabu. Na shamba halikuwa lake.

Agronome anajua mapema kilichofuata. Waliopewa mashamba walikuwa watu wa mjini, wengi hawakuwahi kushika jembe. Udongo ulikuwa pori tupu, na mbolea ilikosekana. Van den Bosch aliamini kwamba mpango na nidhamu vitatosha. Wakulima wa zamani wa Vledder, waliokaa hapo karibu, walijua kwamba mchanga huo unadai kondoo, ngozi ya pori na miaka mingi. Mavuno hayakulipa gharama, deni likapanda. Katika mwaka wa 1859 serikali ilipaswa kuchukua makoloni makubwa ya Ommerschans na Veenhuizen, na shirika likabaki na yale ya Frederiksoord na jirani zake. Leo vijiji hivyo ni vizuri kutembelea. Tangu 2021 vinahesabiwa na UNESCO kati ya urizi wa dunia, pamoja na Veenhuizen na koloni ya Wortel ya Ubelgiji. Ni vizuri vikumbukwe. Lakini vikumbukwe vyote, na deni lake ndani.

Njia iliyofika mpaka kwetu

Mutu anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi Wakongomani? Yanatuhusu, na si kwa mfano tu.

Mwaka wa 1830 van den Bosch alirudi Java akiwa gavana mkuu. Kule akaweka mpango mwingine: kila kijiji kitenge sehemu ya tano ya mashamba yake kwa ajili ya mazao ya serikali, kama vile kahawa, sukari na nili, ao watu watoe siku za kazi. Kwa kweli mara mingi walichukuliwa zaidi ya hapo. Uholanzi ilitajirika, na katika miaka ya 1840 njaa iliua watu wengi katika sehemu za Java.

Mwaka wa 1861 mwanasheria mmoja Mwingereza, J. W. B. Money, alitoa kitabu cha kuisifu Java hiyo na faida zake. Kati ya waliokisoma na kukipenda alikuwa Leopold, mtoto wa mfalme wa Ubelgiji, aliyekuja kuwa Leopold wa Pili. Yaliyofuata Kongo tunayajua. Na nyuma ya Leopold, tangu 1917, serikali ya Wabelgiji ililazimisha kila mwanaume wa kijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na wakubwa, mpaka siku 60 kwa mwaka. Wazee wetu wa Maniema na wa Katanga waliita pamba kwa jina hilo tu, lakini waliposema "pamba" walimaanisha pia fimbo na gereza.

Sisemi kwamba taabu yote ya Kongo ilitoka Drenthe. Nasema kwamba wazo ni moja: mkulima hajui, mkubwa anajua, mkulima alime, mkubwa apange. Kule Frederiksoord wazo hilo lilivaa nguo ya huruma. Kule Java na hapa kwetu lilivua nguo hiyo.

Waliofaulu walifanya nini?

Kilichobadilisha vijiji vya Uholanzi hakikuwa koloni. Katika miaka ya 1870 na 1880 nafaka ya bei ndogo kutoka Marekani iliangusha bei, na wakulima wadogo wakaumia sana. Wafanyabiashara nao waliuza mbolea iliyochanganywa na takataka. Mwaka wa 1877, kule Aardenburg katika jimbo la Zeeland, wakulima waliungana ili kununua mbolea pamoja. Mwaka wa 1886, kule Warga katika jimbo la Friesland, wafugaji wakaanzisha kiwanda chao cha siagi. Kufika 1896 zilianza benki ndogo za vijiji, ambazo wanamemba wenyewe walisimama kuwa wadhamini wa mikopo. Drenthe ikafuata: vijiji vingi vya mchanga vikajenga viwanda vya maziwa vya koperative, na kwa mbolea waliyonunua pamoja wakageuza pori kuwa malisho na mashamba.

Serikali ilisaidia kwa shule, kwa utafiti na kwa walimu wa kilimo. Lakini viwanda na benki zilikuwa za wanamemba. Walikuwa na mazoea ya zamani: kukaa pamoja, kuhesabu sehemu ya kila mtu, kukata faini bila kuangalia uso.

Basi haya njo maoni yangu, na nayasema katika gazeti ambalo lenyewe linalipwa na wafadhili. Sikatai musaada. Mbegu, ghala, mashine ya kukoboa mpunga, vyote ni vya lazima. Lakini ninaona koperative ambazo zinazaliwa siku mradi unafika na kufa siku gari la mradi linaondoka. Kuna komite ambazo hazijui bei ya ghala lao wenyewe. Kuna mashamba yanayolimwa mahindi juu mradi ni wa mahindi, wakati kila mama wa kijiji anajua kwamba mlima ule unataka maharagi na muhogo. Hizo ni Frederiksoord ndogo.

Kwa hiyo, mbele ya kutia sahihi kwenye kartasi ya mradi wowote, mkutano mkuu, si komite peke yake, ujibu maswali haya manne. Moja: sisi wenyewe tunataka kulima nini pale, na udongo wetu unasema nini? Mbili: mbolea ya mwaka wa tatu itatoka wapi, wakati mradi utakuwa umeisha? Tatu: kitu tutakachopewa ni chetu, ao ni deni, na limeandikwa wapi? Nne: wale wasio na shamba, hasa wamama wajane na vijana wanaokodisha, wana sauti gani? Marke ya Drenthe haikujibu swali hilo la nne, na tusiige kosa lake.

Kama mfadhili anakasirika kwa maswali hayo, afazali mjue mapema. Na kama likelemba yenu inaweza kuhesabu feza za watu 20 bila kupoteza hata franka moja, basi hakuna wa kuwaambia kwamba hamwezi kuhesabu za koperative.

Wasiokubaliana na mimi waandike. Ukurasa huu ni wa wanamemba.