Na Huko Juu Je?
Mwaka 2008, padri Mjesuiti José Gabriel Funes, mkuu wa kituo cha falaki cha Vatikani wakati huo, aliliambia gazeti la L'Osservatore Romano kwamba kukubali uwezekano wa viumbe katika sayari nyingine hakupingani na imani. Lakini mjini Roma kwenyewe, mwaka 1600, mwanafalsafa Giordano Bruno alichomwa moto, na fundisho lake la malimwengu mengi lilikuwa miongoni mwa mashtaka. Waislamu nao husoma katika Kurani, sura ya Ash-Shura, aya ya 29, habari za viumbe waliotawanywa mbinguni na ardhini. Ukuu wa Mungu haupungui hapo. Kiburi chetu ndicho kitakachoumia. Kwa Wakristo swali zito ni wokovu: je, Msalaba unawahusu na viumbe hao wa sayari nyingine? Maaskofu na mashehe, tufundisheni sasa, darubini zisije zikatutangulia.