TAHARIRI: Homa ya Mtoto wa Selimundu Haisubiri Alfajiri

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, katika safu nyingi za misikiti yetu yumo baba mwenye mtoto wa selimundu, na nyuma ya pazia yumo mama wa mtoto kama huyo. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na maradhi haya, na jirani zetu wa Uganda, Kenya na Kongo nao wanayajua vyema. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa uliyatambua kuwa ni tatizo la afya ya jamii, na tarehe 19 Juni ya kila mwaka ikawekwa kuwa siku ya kuyakumbuka. Lakini mama wa mtoto huyu haikumbuki siku moja tu kwa mwaka. Yeye huikumbuka kila mtoto anapokohoa.

Tuitazame hali inayotokea katika nyumba zetu. Ni saa nane za usiku. Mtoto wa miaka mitatu, aliyecheza vizuri mchana kutwa, anaamka mwili ukimchemka. Baba yuko safarini, simu yake haipatikani. Bibi anasema ni homa tu, watoto wote hupata homa. Jirani analeta dawa ya kutuliza homa. Mwingine anashauri aitwe mwalimu aje asome, kwani huenda mtoto amepatwa na jini. Mama, ambaye moyo wake unamwambia vingine, hana nauli mkononi wala hana idhini ya mumewe. Basi wanangoja pakuche. Ndugu zetu, wako watoto ambao kwao hapakukucha.

Kwa nini homa hii si homa tu? Chembe nyekundu za damu za mtoto huyu hupinda mithili ya mundu, nazo huziba mishipa midogo. Kiungo kimojawapo kinachoharibika mapema, tangu miaka ya mwanzo, ni wengu, ambalo kazi yake mojawapo ni kuchuja vijidudu katika damu. Mtoto ambaye wengu lake limedhoofika huweza kuvamiwa na vijidudu vya nimonia au vya homa ya uti wa mgongo, na hali ikawa mbaya ndani ya saa chache. Dawa ya kutuliza homa hupoza mwili, lakini haiui kijidudu kilichomo ndani ya damu. Mwili ukipoa, wazazi hulala wakidhani hatari imepita.

Kwa hiyo, kanuni ambayo kila nyumba yenye mtoto wa selimundu inapaswa kuishika ni hii: joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au mwili ukichemka na kipimajoto hakipo, mtoto apelekwe hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku. Vivyo hivyo akipumua kwa shida au kifua kikimuuma, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto chini ya mbavu, akilegea upande mmoja wa mwili, au akipata maumivu yasiyotulia kwa dawa. Kuhara na kutapika, ambako kwa mtoto mwingine hungojewa siku mbili, kwake huyu hukausha maji mwilini na kuamsha maumivu ya mifupa. Apewe vinywaji kwa wingi, na asipoweza kunywa asicheleweshwe. Malaria nayo ni adui yake mkubwa. Alale ndani ya chandarua kila usiku.

Sasa wako wanaosema: “Tumemwachia Mungu, ajali yake ikifika imefika.” Maneno haya yana sura ya imani, lakini sivyo tulivyofundishwa. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu aliyemuuliza juu ya ngamia wake kwamba amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Pia ametuhimiza kutafuta tiba, akatufahamisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Na Sayyidna Umar (r.a.), alipopata habari ya tauni iliyokuwa Sham, aligeuka njiani pamoja na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Mzazi anayetoka na mtoto wake usiku kwenda hospitali hajatoka nje ya kadari. Anatekeleza aliyoamrishwa ndani yake.

Hatusemi kwamba dua iachwe. Tunaamini kwamba Qur’an ni shifaa na kwamba kumsomea mgonjwa kwa mujibu wa Sunna ni jambo jema. Mama na amsomee mwanawe njiani, ndani ya gari. Tunachokataa ni kisomo kufanywa sababu ya kuchelewa, na tunachokipinga bila ya kificho ni hirizi zinazofungwa shingoni na viunoni mwa watoto hawa, pamoja na fedha zinazopelekwa kwa waganga wa ramli. Fedha hizo zingetosha nauli na dawa, na mwenye kuzitoa hupoteza mali yake na kuitia dosari tauhidi yake.

Liko pia jambo la akina baba. Katika mwaka wa 2 Hijria, Mtume (s.a.w.) alipotoka kwenda Badr, alimbakisha Sayyidna Uthman (r.a.) Madina ili amuuguze mkewe Ruqayya (r.a.), na akamhesabia fungu lake kama waliohudhuria. Iwapo kuuguza kulimpa mtu udhuru katika siku kubwa kama ile, vipi mmoja wetu atamwacha mke peke yake na mtoto mgonjwa, usiku baada ya usiku, kwa hoja ya safari za daawa au mikutano? Na vipi mwingine atampa mkewe talaka kwa kuwa “amemzalia wagonjwa”? Maradhi haya hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Wote wawili wakiwa wamebeba kirithi chake, katika kila mimba iko nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kumlaumu mama peke yake ni dhulma. Lililo bora ni vijana wetu wapime damu kabla ya nikaha, hasa ndugu wanaooana, ili waingie katika ndoa wakiwa na ujuzi.

Tunawausia wazazi: msikose kliniki. Mtoto apewe penisilini na asidi ya foliki kama daktari alivyoagiza, na apate chanjo zake zote. Muulizeni daktari kuhusu haidroksiyurea. Majaribio yaliyofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba hupunguza maumivu, maambukizi na vifo. Kadi ya kliniki na akiba ya nauli viwekwe mahali pamoja panapojulikana. Na mume ampe mkewe idhini leo, kwa ulimi wake na mbele ya watu wa nyumba, kwamba homa ikizuka asimngoje mtu yeyote.

Tunawausia walimu wa madrasa: mtoto huyu hukojoa mara kwa mara na huhitaji maji mara kwa mara. Asinyimwe ruhusa, asichapwe, wala asilazimishwe kutawadha kwa maji ya baridi kali. Akisema anaumwa, asadikiwe.

Na tunaziusia kamati za misikiti: zijueni nyumba zenye watoto hawa. Wekeni fungu dogo la sadaka kwa ajili ya nauli za usiku, na mtafuteni ndugu mmoja mwenye gari au bodaboda atakayepokea simu saa yoyote. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto naye yumo ndani ya swala, huifupisha kwa kumhurumia mama yake. Kilio hicho tunakisikia mitaani mwetu hadi leo. Tusiwe ni watu wanaorefusha usiku wa mama huyo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape watoto wetu afya njema, awape wazazi wao subira yenye ujira, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuondoleana dhiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.