Kupamba Kwako, DJ Wako: Nani Yuko Nyuma ya Mashine?



Idi Kubwa imepita, msimu wa wageni umeingia, na mabango yamejaa tena kutoka Darajani hadi Nungwi. DJ wa Afro house kutoka nje anakuja kupiga ufukweni, mwengine wa amapiano anamfuata, na disko la mwezi mpevu kule Kendwa lipo kama kawaida. Kila bango likibandikwa, maswali yanayotufikia ni yale yale. Mama anauliza amzuie vipi binti yake. Biharusi anauliza: "Dada zangu, na mimi naweza kuleta DJ kwenye kupamba kwangu?"

La mama ni jepesi kulijibu. Disko la ufukweni lina pombe, lina mchanganyiko wa wanawake na wanaume, na linakesha mpaka Alfajiri inawakuta watu wamechoka. Si mahala petu. Hatumtukani anayekwenda, wala hatusemi muziki wenyewe hauna ufundi. Amapiano imezaliwa kwenye vitongoji vya Afrika Kusini na leo inachezwa dunia nzima. Singeli ya Dar es Salaam imefika majukwaa ya Ulaya. Muziki una wenyewe, na sisi tuna mipaka yetu.

La biharusi ndilo lililotukalisha kitako.

Msimu uliopita tulialikwa kwenye kupamba moja mjini. Kadi imeandikwa wanawake watupu. Mabuibui yakavuliwa, nywele zikaachwa wazi, mikono imejaa hina na piko. DJ alikuwa kijana wa kiume, amewekwa kwenye kona, mbele yake pazia jepesi la kuonyesha. Biharusi akainuka, akacheza kwa furaha ya siku yake. Kabla ya Alfajiri kipande cha sekunde chache kilikuwa kinazunguka kwenye simu za watu wasiomhusu, na baba mkwe wake akakiona. Aliyerekodi hajajulikana mpaka leo. Huenda ni DJ, huenda ni mmoja wetu tuliokuwa tukipiga vigelegele. Ndoa haikuvunjika, alhamdulillah, lakini yule mtoto wa watu aliingia nyumba yake mpya kwa kujieleza.

Ndiyo maana tunasema wazi: mwanamme nyuma ya pazia ni mwanamme ndani ya chumba cha wanawake. Na simu mkononi mwa shoga yako ni dirisha lililofunguliwa barabarani.

Furaha ya harusi si aibu katika dini yetu. Sote tumesoma kisa cha Bibi Aisha (r.a.) alipompeleka biharusi kwa mumewe wa Kiansari, na Mtume (s.a.w.) akaulizia burudani, kwani Maansari wakiipenda. Dufu kwa wanawake harusini linajulikana. Kuhusu ala nyengine na mashine, wanavyuoni wamekhitalifiana. Aliyeshika kauli ya kukataza tusimkere; dufu na kaswida zitampa harusi nzuri kabisa. Tunayezungumza naye hapa ni yule ambaye ameshaamua kuleta DJ.

Bibi zetu walijua kufurahi bila ya kujianika. Ngoma ya unyago ilikuwa ya wanawake, na mpigaji ni mwanamke. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alijulikana kwa unyago kama alivyojulikana kwa taarab. Mpaka leo tuna kundi la taarab la Tausi, wanawake watupu, wanaopiga ala wenyewe. Sisi tumeleta spika kubwa, tukasahau kwamba mpigaji naye alikuwa mmoja wetu.

Basi biharusi, kabla hujatoa arbuni, yaweke haya sawa:

- DJ awe mwanamke, na wapiga picha pia. Akija na fundi wa kiume wa kufunga spika, fundi atoke kabla mgeni wa kwanza hajaingia.
- Simu zibaki mlangoni, kila moja na namba yake, chini ya shangazi asiyeona haya kumwambia mtu "hapana".
- Nyimbo mzipitie pamoja mapema. Yenye matusi itolewe hata kama mdundo wake mtamu.
- Adhana ikisikika, muziki uzimwe, na pawe na pa kusalia.
- Picha na video zote ukabidhiwe wewe, na hilo liandikwe kwenye makubaliano.

Mtasema DJ wa kike hawapatikani, na wachache waliopo hawana vifaa. Ni kweli. Lakini vifaa hukodishwa, na kazi hujifunzwa. Wapo wasichana mitaani kwetu wenye kompyuta na sikio zuri la muziki, wanachokosa ni mtu wa kuwaita. Pesa unayompa kijana wa kiume kila harusi ingemtosha mmoja wao kuanza.

Na kwenu akina mama: ukimwambia binti ufukweni hakuendeki, usimwache amekaa gizani anasikiliza spika za wenziwe kwa mbali. Mfungulie mlango wa nyumba, waite mashoga zake, wacheze mpaka wachoke, kisha Isha waisali pamoja. Mtoto mwenye pa kufurahia hana haja ya kutoroka.

Allah azijaalie harusi zenu ziwe za kheri na sitara. Amin.