Mmoja Si Wote



Wanafunzi wapenzi na wazazi watukufu, katika somo la Nahwu tunajifunza kuwa "al" ya Kiarabu ina kazi zaidi ya moja. Katika Surat Muzzammil (73:15-16), Mtume aliyepelekwa kwa Firauni anatajwa kwanza bila "al", kisha kwa "al", kwa kuwa sasa anajulikana: ni yule yule, Nabii Musa (A.S.). Lakini katika Surat Yusuf (12:13), Nabii Yaaqub (A.S.) anapohofia mwanawe kuliwa na mbwa mwitu, neno hilo lina "al" ilhali hakuna mbwa mwitu aliyetajwa kabla. Hapo imekusudiwa yeyote wa jinsi ya mnyama huyo, si mmoja maalumu.

Kiswahili hakina "al", lakini kina njia yake. "Paka amekunywa maziwa" ni shauri la paka mmoja. "Paka hunywa maziwa" ni hukumu ya paka wote. Tena hukumu hii ni ngumu kuivunja. Ukimwonyesha mwenzio paka asiyekunywa, atakujibu, "Huyo ni yeye tu."

Kwa paka hakuna neno. Kwa watu ni hatari.

Mwaka jana darasani kwangu fedha za sadaka hazikuonekana. Mwanafunzi mmoja akasema, "Watoto wa mtaa ule huiba." Macho yote yakamgeukia kijana mmoja atokaye huko. Nami, Allah anisamehe, nikaupekua mkoba wake. Baadaye nilizikuta fedha ndani ya daftari la mahudhurio, nilikoziweka mwenyewe. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, naye akanisamehe. Lakini wiki nzima hakunyoosha mkono kujibu swali.

Ndugu zangu, Surat Al-Asr inamtaja mwanadamu kwa ujumla wake kuwa yumo khasarani, lakini haikuishia hapo. Iliwatoa wenye imani na vitendo vyema. Ikiwa Muumba wetu, Mjuzi wa yote, ameweka "isipokuwa", sisi tusiojua ya nyoyoni tunaiachaje?

Basi kabla ya kusema "wale huiba", "kabila lile hudanganya", "wasichana hawawezi hesabu", tujiulize: nimemwona nani, akifanya nini? Aliyekosa atajwe kwa ushahidi na mbele ya anayehusika. Wengine tuwaache na heshima zao. Dhana nyingi tumekatazwa (49:12), na herufi mbili tu, "hu", zinatosha kuwatia wengi ndani yake.

Wabillahi tawfiq.