Bapa la Kulala na Bapa la Kusimama

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakitoshi kusomeshea sayansi. Kauli hiyo imezoeleka hata kwetu pwani, kwa wenye lugha wenyewe, na mimi naona haina budi kupingwa. Nitachukua mfano mmoja tu: maneno wanayotumia wataalamu kueleza maumbo ya miili ya wanyama.

Samaki mwenye umbo kama la jodari wataalamu humwita fusifomu. Ukilisikia neno hilo utadhani lina siri kubwa. Kumbe asili yake ni neno la Kilatini la kijiti cha kusokotea uzi, kinene katikati na chembamba huku na huku. Basi neno hilo la kutisha lilianzia kwa wasokota uzi. Wenzetu hawakuyaonea haya maneno ya nyumbani kwao.

Nasi tunayo yetu. Yuko mnyama wa baharini ambaye Waingereza humwita samaki wa nyota, ingawa si samaki. Hana uti wa mgongo wala mapezi. Wazee wetu walimwita kiti cha pweza, wala hawakumtia katika hesabu ya samaki. Hapo ni nani aliyekaribia elimu zaidi?

Bara nako mambo ni hayo hayo. Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na makumbusho aliyoyaanzisha Mwingereza Hugh Stoneham mwaka 1926, yamejaa wadudu na wanyama waliopangwa kwa majina ya Kilatini. Karibu na mji huo, katika kinamasi cha Saiwa, yuko nzohe, mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asizame topeni. Sentensi hiyo moja ni somo zima la sayansi, na imesemwa kwa Kiswahili.

Lakini ni sokoni Bungoma nilikopata hoja yangu. Palikuwa na ngege na kambare. Sote husema ngege ni bapa, na taa wa baharini ni bapa. Lakini ubapa wao si mmoja. Taa amebanwa toka juu hadi chini, hivyo hujilaza mchangani asionekane. Ngege amebanwa ubavu kwa ubavu, kama tafi wetu apitaye baina ya matumbawe. Sayansi ina maneno mawili hapo, na mpinzani atasema Kiswahili kina moja. Mimi nasema: taa ni bapa la kulala, ngege ni bapa la kusimama. Na kambare je? Nilimwuliza mama muuza samaki, Mbukusu. Akacheka, akanijibu: "Huyu kichwa kimelala, mkia umesimama." Hakuhitaji kamusi.

Jambo hili si geni katika ustaarabu wetu. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika Kitab al-Hayawan, akiwagawa viumbe katika waendao, warukao, waogeleao na watambaao. Maneno yake yalikuwa ya watu wote, na elimu haikupungua kitu.

Kazi imekwisha kuanzwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Hata hivyo mtoto wa Lamu na wa Bungoma bado hukariri kwa Kiingereza umbo la samaki anayemla kila wiki.

Nawaomba watunzi wa istilahi washuke bandarini na masokoni kabla ya kufungua vitabu vya Kilatini. Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee mvuvi, kaa naye uandike maneno yake. Akiondoka nayo, hatutakuwa na wa kumlaumu ila sisi wenyewe.