Ombi la maombi lisigeuke umbea

WAHENGA walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ukitaka kujua maana yake, mwulize Mkristo ambaye siri yake imetoka nje kupitia kundi la maombi.

Mambo huanza hivi. Mama mmoja ana dhiki nyumbani. Mumewe amefutwa kazi na kodi ya nyumba haijalipwa kwa miezi 3. Anamweleza dada wa kanisani ili waombe pamoja. Jumatano jioni, katika ushirika, dada yule anasimama na kusema: "Wapendwa, tumkumbuke mama fulani, mambo si mazuri kwake." Pengine hana nia mbaya. Lakini kufikia Jumapili, habari zimemfikia hata mwenye duka. Tangu siku hiyo mama yule akiulizwa hali hujibu, "Bwana asifiwe, niko salama," kisha huenda kulia peke yake.

Hiyo ndiyo hasara kubwa ya usaliti. Anayetobolewa siri hamkwepi mtu mmoja tu, bali huwanyamazia wote. Na kanisa ambalo hakuna anayethubutu kutaja shida yake, litamwombea nani?

Kanisa Katoliki liliiona hatari hii zamani. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliamuru kwamba padri anayetoboa siri ya kitubio aondolewe katika kazi ya upadri na kufungiwa monasterini atubu maisha yake yote. Hapa Kenya nako, sheria ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kutangaza matokeo ya vipimo vya mtu bila idhini yake, isipokuwa katika hali chache. Kusema "tumwombee" hakuiondoi sheria hiyo.

Muumini wa kawaida hafungwi na masharti ya padri, lakini anaweza kuuliza swali moja: "Ungependa niwaambie wengine wakuombee?" Akisema la, basi iwe la. Mungu anamjua hata usipotaja jina lake, mtaa wake na jina la mumewe.

Hata hivyo, siri si blanketi la kufunikia uovu. Mtoto akikwambia anadhulumiwa, usimwahidi kunyamaza. Piga simu ya watoto, nambari 116, au uwaone wanaohusika. Kumtafutia msaada si kumsaliti, mradi umwambie anayeweza kumwokoa, si kila unayekutana naye.

Na wewe ambaye tayari umepayuka? Wakumbuke Yuda na Petro. Wote wawili walimwangusha Bwana wao usiku mmoja. Yuda alijuta, akavirudisha vile vipande 30 vya fedha kwa makuhani, lakini hakurudi kwa yule aliyemsaliti. Petro alimkana mara 3, akalia, na baadaye akakutana naye tena kando ya ziwa.

Kwa hivyo nenda kwa mwenyewe. Usimtume pasta. Mweleze ulisema nini na ulimwambia nani, kisha uwaendee hao uwasihi wakome kuieneza habari hiyo. Usimlazimishe akuamini siku hiyo hiyo, kwani imani iliyovunjika hujengwa polepole.

Msomaji, huenda leo baada ya ibada mtu akakuvuta kando akunong'oneze jambo. Msikilize, umwombee, na likomee hapo.